Tuwajue wanyama wa mlangoni kwa macho, si kwa ngano pekee

Mtake mwanafunzi yeyote wa Kenya akutajie wanyama wa porini, naye atakujibu papo hapo bila kusitasita: simba, ndovu, kifaru, chui, nyati na twiga. Wanne kati ya hao anao mfukoni, kwa kuwa sarafu zilizotolewa na Benki Kuu mwaka 2018 zina picha ya twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye shilingi 5, simba kwenye shilingi 10 na ndovu kwenye shilingi 20. Lakini mwulize ni mnyama gani aliyelia nyuma ya nyumba yao usiku wa kuamkia leo, au ni nani aliyeacha nyayo kwenye tope kando ya mfereji, nawe utamwona akikodoa macho. Wanyama wa mbali anawajua kwa majina na kwa picha. Wale wanaopita mlangoni pake kila usiku ni wageni kwake.

Hilo ndilo jambo ninalotaka tulitafakari leo, ndugu msomaji, hasa wewe uliye mwalimu na wewe uliye mwanafunzi. Waama, wahenga walinena kuwa usilolijua ni kama usiku wa giza. Na katika giza hilo la kutojua, watu wanauawa na wanyama wanauawa, ilhali mengi ya maafa hayo yangeweza kuepukwa na mtu aliyezoea kutazama.

Mimi naishi katika viunga vya kusini mwa jiji la Nairobi, upande ule ambako nyika za Athi na Kaputiei zinakutana na nyumba za mawe. Sina gari la kitalii wala kamera ya thamani. Nilicho nacho ni daftari la shilingi chache, kalamu na subira. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa na desturi ya kuandika kila ninachokiona kabla ya jua kuchomoza na baada ya kutua: siku, saa, hali ya anga, mnyama niliyemwona na alichokuwa akifanya. Katika daftari hilo wamo mbweha, nguchiro, kanu, nungunungu, bundi na sungura wa porini. Fisi yumo pia, ingawa huyo ninamsikia mara nyingi kuliko ninavyomwona. Hakuna hata mmoja kati yao niliyemfuata mbugani. Wote wamenijia.

Na tuanze na mbweha, kwa maana ndiye anayeonekana kwa urahisi zaidi. Aliyeenea katika nyika zetu ni yule mwenye mgongo mweusi ulionyunyiziwa weupe, mfano wa shuka lililotandikwa mgongoni, na mbavu zenye rangi ya kutu. Kimo chake hakimzidi mbwa mdogo wa mtaani. Watu wengi humwona akivuka barabara alfajiri wakadhani ni mbwa wa jirani. Mtazame vizuri: masikio yake yamechongoka, mwendo wake ni wa mbio ndogo zisizochoka, na mkia wake una ncha nyeusi. Ukimwona mmoja, subiri kidogo, kwani mara nyingi yupo wa pili nyuma yake. Mbweha huyu huishi na mwenzi mmoja kwa miaka mingi, na wawili hao hulinda eneo lao pamoja.

Isitoshe, mbweha ana jambo ambalo lingewafaa wengi wetu kama somo la nyumbani. Katika miaka ya 1970 mtafiti Patricia Moehlman aliwatazama mbweha wa Serengeti kwa muda mrefu, na mwaka 1979 akachapisha matokeo yake. Aligundua kwamba baadhi ya watoto wa mwaka uliotangulia hawaondoki nyumbani wanapokua. Hubaki kuwalinda na kuwalisha wadogo zao, na familia zilizokuwa na wasaidizi wa namna hiyo zilifanikiwa kukuza watoto wengi zaidi. Haya hayakupatikana katika maabara yenye mitambo. Yalipatikana kwa kukaa, kutazama na kuandika.

Je, mbweha hula nini? Mwulize mfugaji, atakwambia kuwa hula kuku na wana-mbuzi. Hasemi uongo, kwani mbweha akikuta banda bovu hataacha kuingia. Lakini daftari la mtazamaji lina orodha ndefu zaidi: panya, panzi, kumbikumbi, mende wa kinyesi, matunda yaliyoanguka na mabaki ya mizoga. Mkulima anayemlaani mbweha kwa ajili ya kuku mmoja hajawahi kumhesabia panya aliowamaliza shambani.

Yupo na mwingine ambaye wengi huchanganya jina lake na la huyu. Ni yule mdogo mwenye masikio makubwa ajabu, anayeitwa mbweha-masikio. Huyu anakula wadudu hasa, na chakula anachokipenda kuliko vyote ni mchwa wanaokata nyasi. Huinamisha kichwa, akaelekeza masikio yale ardhini, akasikiliza mwendo wa wadudu walio chini ya udongo, kisha akachimba. Mbwa wa kawaida ana meno 42 nasi binadamu tuna 32. Mbweha-masikio huwa na meno kati ya 46 na 50, madogomadogo, yanayofaa kutafuna wadudu upesi. Tena baba ndiye anayebaki shimoni kuwalinda watoto usiku, mama anapokwenda kutafuta chakula cha kumpatia maziwa. Mnyama huyu hana haja na kuku wako wala mbuzi wako. Hata hivyo hupigwa mawe na kukimbizwa na mbwa kwa kosa la kuitwa mbweha.

Usidhani kwamba kuchanganya majina ni kosa la wasiosoma peke yao. Kwa miaka mingi wataalamu wenyewe walimwita mnyama mmoja wa Afrika mbweha wa dhahabu, wakiamini kwamba ni wa jinsi moja na yule wa Asia na Ulaya. Mwaka 2015 uchunguzi wa chembe za urithi, uliotumia pia wanyama kutoka Kenya, ulionyesha kuwa yule wa Afrika ni jinsi nyingine kabisa, na kwa nasaba yu karibu zaidi na mbwa mwitu wa nchi za kaskazini. Mnyama aliyekuwa akipita mbele ya macho ya watalii na wataalamu kila siku alikuwa amebeba jina lisilo lake. Iwapo wao waligundua hilo juzi tu, sisi tuna sababu gani ya kudhani kwamba tumekwisha kuwajua majirani zetu?

Sasa tumgeukie fisi, ambaye habari zake ni nzito zaidi.

Hakuna mnyama aliyesemwa vibaya katika fasihi simulizi yetu kumshinda fisi. Katika ngano yeye ndiye mlafi, mjinga, mwoga na mwizi, anayedanganywa na sungura tangu mwanzo wa hadithi hadi mwisho. Sina ugomvi na ngano hizo. Nimezipokea kutoka kwa wazee wangu na ningependa wajukuu wazipokee. Lakini ni lazima tukumbuke kazi yake: ngano humtumia fisi kumsema binadamu. Haikukusudiwa kumweleza fisi. Mwalimu anayefundisha ngano na kuishia hapo humwacha mwanafunzi akidhani kuwa amekwisha kumjua mnyama, kumbe amejua tabia mbaya za watu tu.

Fisi wa kweli ni mwingine. Katika miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk aliwafuata fisi wenye madoa usiku baada ya usiku huko Serengeti na Ngorongoro. Wakati huo iliaminika kwamba simba huwinda na fisi hula makombo. Kruuk alikuta kwamba fisi ni mwindaji hodari, na kwamba huko Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyekuja kumnyang'anya fisi kitoweo chake asubuhi. Watalii waliofika jua likiwa limechomoza walimkuta simba juu ya mzoga na fisi wakizunguka kando, wakahukumu kwa walichokiona saa ile. Hapa kwetu, katika Maasai Mara, mtafiti Kay Holekamp alianza mwaka 1988 kuchunguza koo za fisi wa Talek. Kazi hiyo imeonyesha kuwa jike ndiye mtawala wa ukoo, kwamba mtoto hurithi cheo cha mama yake, na kwamba fisi hutambuana mmoja mmoja kwa sauti. Hata kile tunachokiita kicheko hakina furaha ndani yake. Ni sauti ya mnyama aliyetaharuki, aghalabu anapofukuzwa au kunyang'anywa chakula.

Kuna anayeweza kuniuliza: elimu hii itamfaa nini mzazi ambaye mtoto wake hutembea gizani kwenda shule? Swali hilo ni la haki, na sitalikwepa. Mwezi wa Februari mwaka 2024 fisi walimuua mwanafunzi wa chuo kikuu karibu na Ongata Rongai, na wakazi wakaandamana barabarani kwa uchungu. Mwezi wa Aprili mwaka 2025 simba alimuua msichana wa miaka 14 katika makazi yanayopakana na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Hawa walikuwa watoto wa watu. Mwandishi anayekaa mezani akasifu uzuri wa wanyama bila kuwataja anafanya dhihaka.

Lakini tujiulize sababu. Mbuga ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, na ukubwa wake ni kilomita 117 za mraba tu. Upande wa kusini, kando ya mto Mbagathi, haikuzungushiwa ua, kwa kuwa wanyama walikuwa wakitoka na kuingia kwa kufuata mvua na malisho hadi nyika za Kitengela na kwingineko. Nyika hizo zimegawanywa ploti, zikajengwa nyumba, zikafungwa kwa nyaya. Nyumbu waliokuwa wakihama kwa maelfu wamepungua mno. Fisi aliyekuwa na njia yake tangu enzi za mababu anaikuta ina lango la chuma, na mahali pa mawindo anakuta jaa la taka na masalia ya vichinjio. Nasi tunaotupa mifupa na matumbo ya mbuzi nyuma ya kiosko tunamwalika kila usiku, kisha tunashangaa anapoitika mwaliko. Wahenga walisema fisi akimla muwele, mzima funga mlango. Mlango wa kwanza wa kufungwa ni ule wa jaa la taka.

Mtu aliyezoea kutazama hujua mambo haya mapema. Akiona kinyesi cheupe kama chokaa kwenye njia ya wanafunzi, anatambua kuwa hapa hupita fisi, kwani weupe huo hutokana na mifupa anayoisaga kwa meno. Akiona nyayo zenye alama za kucha, anajua si za paka wala chui, kwa sababu paka na chui huficha kucha zao wanapotembea. Akisikia mlio wa fisi ukipanda kutoka chini kwenda juu, tena na tena, anafahamu kwamba mlio huo husafiri kilomita kadhaa na kwamba mwenye kulia huenda yu mbali. Lakini akisikia kicheko na vurugu karibu na nyumba, anajua wapo kwenye chakula na si wakati wa kutoka nje. Elimu hii haihitaji shahada. Babu zetu waliokuwa wachungaji walikuwa nayo. Sisi tuliosoma ndio tuliokubali iponyoke.

Pale elimu hiyo inapokosekana, sumu huchukua nafasi yake. Mfugaji aliyepoteza mbuzi watatu kwa usiku mmoja, akiwa na hasira isiyo na mahali pa kwenda, hununua dawa ya kuua wadudu wa shambani akaipaka kwenye mzoga. Namwelewa, kwa maana mbuzi watatu ni karo ya muhula mzima. Lakini mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Fisi mmoja akifa, hufa pia mbweha aliyekuja baada yake, na mbwa wa jirani, na kundi zima la tai wala mizoga walioteremka asubuhi. Sumu ni mojawapo ya sababu kubwa zilizofanya aina kadhaa za tai hao, wakiwemo wale wenye mgongo mweupe, kuorodheshwa mwaka 2015 kuwa wamo katika hatari kubwa mno ya kutoweka duniani. Tai wakiisha, mizoga huoza nyikani na maradhi hupata njia. Aliyetega kwa ajili ya mwizi wa mbuzi huishia kuwaua wasafishaji wa mtaa wake.

Ipo njia nyingine iliyowekwa na sheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua madai ya fidia kwa mtu aliyeuawa au kujeruhiwa na mnyama wa porini, pamoja na mali iliyoharibiwa. Kwa kifo, kiwango kilichotajwa humo ni shilingi milioni 5. Najua kuwa walalamishi wengi husubiri kwa miaka, na kucheleweshewa haki ni kunyimwa haki. Ni wajibu wa serikali kulipa, na ni wajibu wetu kuidai. Hata hivyo, madai yoyote huanza kwa ushahidi: ni mnyama gani, alifika lini, alipitia wapi, aliacha alama zipi. Anayejua kutofautisha jeraha la fisi na la mbwa, na wayo wa chui na wa mbweha, ana la kusema mbele ya kamati ya kaunti. Asiyejua atabaki kusema kuwa aliona kitu gizani.

Tusidhani kuwa mtihani huu ni wetu peke yetu. Huko Chicago, Marekani, kuna mnyama wa jamii ya mbweha na mbwa mwitu aitwaye coyote, ambaye ameingia mjini akazaana. Tangu mwaka 2000 watafiti wamekuwa wakiwafunga wanyama hao vifaa vya kutoa ishara shingoni ili kujua nyendo zao. Wamekuta kuwa wengi huishi katikati ya mamilioni ya watu bila kuonekana, wakitembea usiku na kula panya, sungura na wanyama wadogo wengine. Karibu na kwetu, katika mji wa kale wa Harar nchini Ethiopia, fisi huingia usiku kula masalia ya chakula, na wapo watu wanaowalisha kwa mikono nje ya ukuta wa mji. Sisemi tuige Harar, kwani mazoea yao yana historia yake, na kumlisha mnyama wa porini mahali pasipo na mila hiyo ni kumfundisha kutoogopa watu. Na hapa hapa Kenya, huko Diani, mashirika ya uhifadhi yametundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili mbega na tumbili wavuke bila kugongwa na magari. Kote huko, kabla ya kufanya jambo lolote, palikuwa na mtu aliyekaa akatazama mnyama anapita wapi na saa ngapi.

Sasa nirudi kwa walimu, kwani wao ndio ninaowalenga hasa. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unasisitiza kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda na kwa kutumia mazingira yake. Shabaha hiyo ni njema, lakini mara nyingi mazingira yanakuwa picha iliyokatwa gazetini na kubandikwa kwenye manila. Napendekeza jambo rahisi lisilohitaji bajeti. Kila darasa liwe na daftari moja la majirani wa porini. Kila mwanafunzi aandike alichokiona akiwa njiani au nyumbani: tarehe, saa, mahali, idadi na tendo. Mwalimu awafunze kutenganisha mambo mawili ambayo hata watu wazima huyachanganya, yaani nililoliona na ninalolidhani. "Mbweha alipita na kuku mdomoni" ni jambo moja. "Mbweha aliiba kuku wa mama" ni jambo jingine, maana huenda kuku huyo alikwisha kufa na kutupwa.

Mwalimu wa Kiswahili atavuna kutoka katika daftari hilo kuliko yeyote. Nimesoma insha nyingi za wanafunzi wetu. Zimesheheni misemo ya kukariri, na jua la insha hizo huchoma kwa maneno yale yale kutoka Lamu hadi Busia, lakini huwezi kumpata ndani yake hata mnyama mmoja aliyetazamwa na mwandishi mwenyewe. Lugha yetu imejaa majina mazuri ambayo yanazeeka bila kutumiwa: kanu na fungo, kicheche na nyegere, kalunguyeye na komba, pimbi na mhanga. Mwanafunzi hukutana nayo kwenye orodha ya msamiati wiki moja kabla ya mtihani, kisha akayasahau. Lakini yule aliyemsikia komba akilia usiku kama mtoto mchanga hawezi kulisahau jina lake. Naye aliyemwona pimbi akiota jua mwambani, akaambiwa kuwa mnyama yule mdogo ana nasaba ya karibu na ndovu, atalibeba jina hilo hadi uzeeni.

Mwalimu wa sayansi naye ana hazina yake. Mchukue bundi, ndege ambaye katika jamii zetu nyingi huchukuliwa kuwa mleta kisirani, na ambaye hupigwa mawe kila anapotua juu ya paa. Bundi humeza panya mzima, kisha hutema kidonge kikavu cha manyoya na mifupa isiyosagika. Vidonge hivyo hupatikana chini ya mti au dari anapolala. Vikusanywe kwa glavu, vilowekwe katika maji yenye dawa ya kuua viini na kufunguliwa kwa kijiti, nao wanafunzi watahesabu mafuvu ya panya kwa macho yao. Sijui hotuba inayoweza kumtetea bundi mbele ya mtoto wa mkulima wa mahindi kuliko mafuvu matatu ya panya yaliyopangwa juu ya karatasi nyeupe.

Yapo masharti, nayo yasipuuzwe. Mwanafunzi asimfuate mnyama, asimkaribie wala asimlishe. Atazame akiwa mahali salama, pamoja na mtu mzima, na asitoke nje gizani kwa ajili ya zoezi. Asiguse mtoto wa mnyama hata akimwona peke yake, kwani mama huwa hayuko mbali. Mbweha, nguchiro au mbwa anayetangatanga mchana bila woga, akitokwa na mate na kuyumba, huenda ana kichaa cha mbwa, na dawa yake ni kumwepuka na kutoa taarifa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali apate chanjo bila kungoja, kwa sababu dalili zikishaonekana ugonjwa huo karibu daima huua. Masharti haya nayo ni sehemu ya somo. Anayeyajua hupunguza woga usio na maana na kubakiwa na ule wenye faida.

Hapana haja ya kusubiri waraka kutoka wizarani. Mwaka 1968 wanafunzi wa shule za sekondari wa nchi hii ndio walioanzisha Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya, vuguvugu ambalo baadaye liliigwa kwingineko barani. Hawakuwa na simu wala kompyuta, nao walikuwa vijana wa umri ule ule wa wanafunzi wanaosoma ukurasa huu. Kama wao waliweza kuanzisha chama cha nchi nzima, darasa moja la leo haliwezi kushindwa kujaza daftari moja.

Mwisho nataka nieleweke vyema. Simwombi mtu yeyote ampende fisi. Mwenye mbuzi ana haki ya kujenga boma imara, kuwasha taa, kufuga mbwa na kudai fidia. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kumhukumu jirani huyu, awe wa miguu minne au wa mabawa, tumtazame kwanza, tumwite kwa jina lake, tujue anapita wapi na anatafuta nini. Mji utazidi kupanuka na nyika itazidi kupungua, kwa hiyo tutakutana naye mara nyingi zaidi, wala si mara chache. Mtoto atakayekutana naye akiwa amebeba ngano peke yake ataogopa au atarusha jiwe. Atakayekutana naye akiwa na daftari lenye miezi sita ya kutazama atajua ni wakati gani wa kusimama kimya na ni wakati gani wa kufunga mlango.